Bei ya Kabla ya Mgeni: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Biashara Mkoani Mwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Tume ya Ushindani, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, na Wakurugenzi wa halmashauri zetu nane: Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe.

YAH: HOFU YA MSHINDANI MPYA NA UAMUZI WA KUINGIA SOKONI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Ilemela, nikiwa mfanyabiashara wa barafu ya samaki, kazi niliyoianza baada ya kutumika miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha kuchambua pamba, kwanza nikiwa karani wa mizani na baadaye mtunza hesabu. Katika kazi hizo mbili nimeona soko likifunguliwa, na nimeona soko likifungwa bila mtu yeyote kuweka kufuli. Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba mfanyabiashara anayefikiria kuingia sokoni haangalii tu waliomo na bei wanayouza leo. Anaangalia watafanya nini siku atakapoingia, na anaangalia nani atakayemfuata nyuma. Hofu hizo mbili ndizo zinazoamua kama kiwanda kitajengwa au fedha zitabaki benki, na ninyi Waheshimiwa, kwa vibali mnavyotoa, kwa muda mnaotumia kuvitoa, na kwa siri za waombaji zinazotunzwa au kuvuja katika ofisi zenu, mnaweza kuzikuza au kuzipunguza hofu hizo kuliko sisi wenyewe tunaoshindana.

Nianze na lililonipata. Miaka michache iliyopita tulikuwa watu wanne, wawili wavuvi, mmoja fundi wa majokofu, na mimi, tukakusudia kuweka mashine ya barafu katika mwalo mmoja wa visiwani, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, ambao sitautaja kwa sababu sikuja hapa kumshitaki mtu. Mwalo ule ulikuwa na muuzaji mmoja tu wa barafu. Gunia moja liliuzwa shilingi 9,000, na mvuvi asiyekuwa na fedha hizo alilazimika kuuza sangara wake asubuhi ileile kwa bei yoyote aliyotajiwa na wakala, maana samaki asiye na barafu hamsubiri mtu. Tulikaa usiku tatu na kikokotoo na daftari. Gunia likiuzwa shilingi 9,000 mashine ingejilipa katika miaka mitatu. Likiuzwa 7,500 ingechukua mitano. Likiuzwa 6,000 isingejilipa kabisa, kwa kuwa umeme, maji na mafuta ya boti ya kupeleka vipuri vingekula kila kilichoingia.

Tukapeleka maombi. Ndani ya wiki mbili, kabla hata afisa hajaja kukagua kiwanja, bei ya gunia ikashuka hadi 6,000. Wiki ya nne mafundi walifika kwa mwenye mashine wakamwaga zege la msingi wa mashine ya pili, pembeni mwa ile ya kwanza, wakaacha boliti nane zimesimama juu yake ili kila anayepita azione. Wavuvi wakaanza kututajia ukubwa wa mashine tuliyokuwa tumeiombea kibali, tani kwa siku, sawasawa na ulivyoandikwa katika fomu yetu, ilhali fomu hiyo hatukuwahi kumwonyesha mtu yeyote zaidi ya ofisi tuliyoipelekea. Tulisubiri kibali miezi minane. Mwezi wa tano mmoja wetu alitoa fedha zake akanunua bajaji, na sikumlaumu, kwa kuwa ana watoto wanaosoma. Mwezi wa nane tukaandika barua ya kuondoa maombi. Hazikupita wiki sita, gunia likarudi 9,000. Mashine ya pili haikuletwa. Nilipopita pale mara ya mwisho, akina mama walikuwa wametandaza dagaa juu ya ule msingi, boliti zimeshika kutu, na kando yake yalikuwapo yale mafriji mabovu ambayo wavuvi huyalaza chali na kuyatumia kama makasha ya barafu, mengi yakiwa matupu.

Nimelitafakari jambo hili muda mrefu, na sioni kwamba mwenye mashine alifanya lisilo na akili, wala kwamba sisi tulikuwa waoga. Kosa letu la hesabu lilikuwa kudhani kwamba shilingi 9,000 ni bei ya soko, wakati ilikuwa bei ya kabla ya mgeni. Bei ambayo mgeni ataikuta ni ile itakayowekwa baada ya yeye kuwasha mashine, na bei hiyo haimo katika daftari la mtu yeyote. Imo kichwani mwa mwenyeji. Ndiyo sababu soko linaweza kuonekana na faida nono mwaka hadi mwaka na bado asitokee wa kuingia, na watu wa nje wakashangaa na kusema kwamba Watanzania hawapendi kuwekeza. Mwenye bodaboda akikuta kijiwe kimejaa, huwasha pikipiki yake akahamia kijiwe kingine, na alichopoteza ni mafuta ya siku moja. Aliyemwaga zege, akavuta umeme wa fezi tatu hadi ufukweni na kuchimba mtaro wa maji machafu, hawezi kuvikunja vitu hivyo akavipakia kwenye mtumbwi. Kadiri fedha isiyoweza kurudi inavyokuwa kubwa, ndivyo mgeni anavyosikiliza kwa makini kila mnong'ono kuhusu nia ya mwenyeji.

Jambo hili limeandikwa na wasomi kabla yangu. Mwaka 1977 mchumi Michael Spence, na baada yake Avinash Dixit mwaka 1980, walieleza jinsi aliyemo sokoni anavyoweza kujenga uwezo mkubwa kuliko anaouhitaji, ili mgeni ajue kwamba akiingia atakutana na bidhaa nyingi na bei ndogo. Dixit alionyesha kwamba tishio la namna hiyo huaminika pale fedha inapokuwa imeshatumika na haiwezi kurudishwa. Maneno matupu hayamzuii mtu mwenye hesabu. Kwa kipimo hicho, msingi usio na mashine ulikuwa tishio la bei nafuu sana. Lakini sisi tungelijuaje hilo, ikiwa tulikuwa gizani na mwenye mashine alikuwa ameshaiona fomu yetu? Miezi minane ya kusubiri ilimpa nafasi ya kutujaribu kwa gharama ndogo. Kama kibali kingetoka au kukataliwa ndani ya siku thelathini, angelazimika ama kuileta mashine ya pili kweli, ambapo wavuvi wangepata barafu zaidi, ama kuishi nasi.

Hofu ileile, mlango ukiwa wazi kweli, hufanya kazi njema. Wakazi wa Mwanza wanakumbuka Novemba 2012, shirika la fastjet lilipoanza kuruka kati ya Dar es Salaam na Mwanza kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 bila kodi, na watu ambao hawakuwahi kupanda ndege, ambao walizoea kukaa kwenye basi kutwa nzima na zaidi, wakaanza kuuliza saa za kuondoka. Huyo ni mgeni aliyefika. Nchini Marekani, watafiti Austan Goolsbee na Chad Syverson walichunguza mgeni ambaye bado hajafika: katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2008, waliangalia nauli za mashirika makubwa pale shirika la Southwest lilipokuwa limeshafika katika viwanja viwili vya ndege lakini halijaanza kuruka kati ya viwanja hivyo. Walikuta kwamba wenyeji walishusha nauli kabla mgeni hajapakia abiria hata mmoja. Abiria wa njia hizo walifaidika na ndege ambayo haikuwa imeruka.

Naomba muutazame mfano huo kando ya ule wa mwalo wetu, maana kwa juu unafanana: mgeni ametajwa, bei imeshuka. Tofauti ni kwamba Southwest lilikuwa limekwisha kuweka ofisi na wafanyakazi pande zote mbili, likawa linaweza kuanza safari wakati wowote, hivyo hofu yake haikuisha kwa wenyeji kupunguza nauli mwezi mmoja. Sisi tulikuwa na fomu moja iliyokaa kwenye meza ya mtu. Hofu yetu iliisha siku tulipochoka, na bei ikapanda wiki chache baadaye. Kwa hiyo, anayetaka wavuvi wa ziwa hili wanufaike na ushindani hana budi kuhakikisha kwamba mgeni anaweza kubaki mlangoni kwa muda mrefu bila kufilisika, na kwamba akiamua kuingia anaingia haraka.

Sasa niseme upande wa pili, ambao wenzangu wengi wanaotetea soko huria huupita haraka mno. Aliyetangulia naye huogopa atakayemfuata, na hofu yake si ya uchoyo kila mara. Hili nililiona kwenye pamba. Watu wa rika la wazazi wangu waliuza pamba yao kwa vyama vya ushirika, vile vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, na baadaye kwa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Sheria ilipobadilishwa mwaka 1994 na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua na kuchambua pamba, viwanda viliongezeka upesi katika Kanda ya Ziwa, na mkulima ambaye zamani alisubiri malipo kwa miezi akaanza kulipwa taslimu kwenye mizani. Hilo lilikuwa jema, na nilipokuwa karani nililiona usoni mwa watu.

Lakini kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kikitoa mbegu na viuadudu kwa mkopo. Nilikuwa na daftari la wadaiwa, mstari mmoja kwa kila mkulima: jina, kijiji, kilo za mbegu, chupa za dawa, kiasi kitakachokatwa. Msimu ulipofunguliwa, alikuja mnunuzi mwingine ambaye hakukopesha mtu hata chupa moja, akaongeza shilingi chache kwa kila kilo, na angeweza kufanya hivyo kwa sababu hakuwa na deni la kufidia. Nani angekataa? Mkulima mwenye ada ya shule ya mtoto hawezi kulaumiwa kwa kufuata bei nzuri. Msimu mmoja nusu ya mistari katika daftari langu ilibaki wazi. Msimu uliofuata kiwanda kikapunguza mikopo, na ule uliofuata kikaiacha kabisa, na pamba ikapuliziwa dawa mara mbili pale ilipohitaji mara tano. Hakuna aliyemzuia mtu kuwekeza kwa mkulima. Ilitosha kila kiwanda kujua kwamba mwenzake atakuja kuvuna. Kampuni inayofikiria kuingia katika zao, na hasa ile inayotaka kuingia kwa uzito, kwa kufundisha, kukopesha na kupima udongo, hujiuliza swali hilo kabla ya yote, na ikikosa jibu huingia kwa mguu mmoja: hukodi ghala, huleta mizani na fedha taslimu, hununua wiki sita na kuondoka.

Hofu hiyohiyo ya wa baadaye pia huwafanya watu wakimbilie kujenga kupita kiasi, kila mmoja akitaka kuwahi kabla mwenzake hajalishika eneo. Tuliliona kwenye pamba, mashine zikiwa na uwezo wa kuchambua kuliko zao lote lililovunwa, na tukaliona kwenye minofu ya sangara. Viwanda vya minofu vilianza kuota upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati samaki wetu wengi walikuwa wakivushwa kwenda kusindikwa Kisumu, Kenya. Vilipata misukosuko ya soko la Ulaya kati ya 1997 na 1999, na viliporudi kwa nguvu vilikuwa vingi kuliko samaki waliokuwamo majini. Samaki walipopungua, baadhi vikafunga milango na vingine vikafanya kazi siku chache kwa wiki. Sikusema haya ili muweke idadi ya viwanda kwa amri; nimeyasema ili ieleweke kwamba kila aliyejenga alikuwa na hesabu sahihi ya kiwanda kimoja, na hakuna aliyekuwa na hesabu ya viwanda vyote kwa pamoja, kwa sababu maombi ya wengine hayakuwekwa mahali pa kuonekana.

Kwenye sangara kuna jambo jingine ambalo Tume ya Ushindani inapaswa kulitazama kwa jicho la karibu. Ili kujihakikishia samaki, viwanda kupitia mawakala wao vilizoea kuwakopesha matajiri wa mitumbwi nyavu, mashine za boti na mafuta, kwa sharti kwamba samaki wote wauzwe kwa wakala yuleyule. Kwa upande mmoja, hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa niliouona kwenye pamba, kwa kuwa mkopeshaji ana uhakika wa kulipwa na mvuvi anapata nyavu. Kwa upande mwingine, deni hilo aghalabu halina mwisho. Nyavu huchakaa kabla hazijalipiwa, zinaongezwa nyingine, na mvuvi hubaki kwa wakala wake kwa miaka. Anayetaka kufungua kiwanda kipya, hata awe na mashine bora na soko la uhakika nje ya nchi, akifika mwaloni anakuta kila mtumbwi una mwenyewe. Mkopo wenye tarehe ya mwisho unamlinda aliyewekeza. Mkopo usio na tarehe unamfukuza anayekuja. Tofauti hiyo inaweza kuandikwa katika mstari mmoja wa mkataba wa mfano, ukabandikwa katika ofisi za BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, na sioni sababu ya kwa nini isifanyike.

Naomba pia nigusie miradi ya serikali yenyewe, kwa sababu serikali ni mshindani mkubwa kuliko wote pale inapoingia, na tangazo lake hufika sokoni miaka mingi kabla ya zege. Jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi, juu ya Ziwa Victoria, liliwekwa Desemba 2019 na daraja likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ni daraja la kilomita tatu ambalo nafurahi kila ninapolivuka, nikikumbuka foleni za kivuko na wagonjwa waliosubiri ndani ya magari. Katika miaka ile mitano na nusu, mama lishe na wauza matunda wa pande zote mbili, wenye nyumba za kulala wageni, hata wenye maduka ya jumla pale Sengerema, walijua kwamba siku inakuja ambapo msafiri hatasimama tena, na ambapo mteja wao atafika Mwanza mjini na kurudi kabla ya jua kuzama. Wengi walikubali hilo mapema. Kilichowapa shida ni tarehe ya kukamilika iliyosogezwa. Mfanyabiashara mmoja wa Sengerema aliniambia alikuwa na fedha za kupanua duka lakini hakujua kama apanue ili kuwahi, au ahamie upande wa barabara kuu, au asubiri. Akasubiri, na mwaka ukapita.

Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ilizinduliwa ujenzi wake Fela mwezi Juni 2021 na bado inajengwa ninapoandika. Mwenye malori anayetaka kuongeza matatu, na mwenye ghala anayetaka kujenga Misungwi au Fela, wote wanaihesabu reli hiyo kama mshindani au kama mteja, na hesabu zote mbili zinategemea mwaka itakapoanza kubeba mizigo na nauli itakayotozwa kwa tani. Mshindani mwenye tarehe humfanya mtu ajipange; asiye na tarehe humfanya akae. Kwa hiyo, kila robo mwaka tuelezwe kwa maandishi, Waheshimiwa, mradi umefika wapi na unatarajiwa lini, hata kama habari si nzuri. Habari mbaya yenye tarehe tunaweza kuifanyia hesabu.

Vivyo hivyo kuhusu vizimba vya kufugia samaki ziwani. Mkopo wa vizimba na boti uliozinduliwa hapa Mwanza Januari 2024 ni jambo nililolifurahia, na nimewaona vijana wa rika la wanangu wakivuna sato kutoka kwenye vizimba vyao. Lakini kizimba kinataka chakula kila siku, na anayefikiria kujenga kiwanda cha chakula cha samaki hapa ana maswali ambayo hakuna anayemjibu: vizimba vingapi vimeruhusiwa katika ghuba ipi, vingapi vinatarajiwa mwaka ujao, na je, kodi ya chakula kinachotoka nje itabaki kama ilivyo baada ya bajeti ya Juni au itaondolewa wiki moja baada ya yeye kuwasha mashine? Mtu huyo haogopi ushindani wa kiwanda cha jirani. Anaogopa mstari mmoja katika sheria ya fedha.

Nafahamu kwamba mtapokea barua nyingine, pengine zenye mihuri mizuri kuliko hii, zitakazowaomba mpunguze idadi ya vibali kwa madai kwamba tuliomo tumetosha. Nimekaa katika vikao ambamo maneno hayo yalisemwa, na nayapinga waziwazi, hata kama kesho nitakuwa mimi ninayeuza gunia peke yangu katika mwalo fulani. Aliyemo sokoni hawezi kuwa ndiye mpimaji wa kutosha. Anayejua kama barafu imetosha ni mvuvi wa kisiwa cha Ukara ambaye samaki wake wameharibika njiani.

Wala siwaombi muadhibu kila anayeshusha bei. Mtu akipata mashine bora akauza kwa 6,000 na kubaki hapo, apewe heko. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mwenye nguvu kubwa sokoni kutumia nguvu hiyo kuzuia ushindani, na najua kwamba kuthibitisha nia ni kazi ngumu. Lakini wakati hutoa ushahidi ambao midomo haitoi. Bei inayoshuka mara baada ya maombi na kupanda mara baada ya kuyaondoa inastahili kuulizwa, na kuuliza hakuwezekani ikiwa hakuna aliyeiandika. Kila BMU ina katibu na ina ubao. Katibu huyo akiandika kila Jumatatu bei ya gunia la barafu, ya lita ya petroli na ya kilo ya sangara, Tume itakuwa na kumbukumbu ambayo leo haipo, na kazi hiyo itachukua dakika tano.

Ombi langu kubwa ni lile la muda na siri. Tangu MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, uanze kutekelezwa mwaka 2019 kuna tozo zilizofutwa na taratibu zilizounganishwa, na nashukuru kwa hilo kwa dhati, kwa sababu nimelipa baadhi ya tozo zile. Kilichobaki ni kwamba ombi la kibali cha kiwanda kidogo mwaloni liwe na siku zinazojulikana za kujibiwa, na zikipita bila jibu, mwombaji apewe sababu kwa maandishi na jina la cheo cha anayehusika. Ukubwa wa mashine, chanzo cha mtaji na mahali alipopanga kununua vipuri viwe siri ya ofisi, na afisa atakayevitoa awajibishwe kama anavyowajibishwa anayetoa siri ya zabuni. Kinachoweza kutangazwa, na kinachopaswa kutangazwa, ni idadi ya maombi yaliyopo kwa kila aina ya biashara katika kila mwalo bila majina, ili wanne wasijenge mahali penye nafasi ya mmoja, na ili mwenyeji ajue kwamba mlangoni kuna watu bila kujua ni akina nani wala wana nini mkononi.

Na ardhi ya mwaloni, kwa kuwa ufukwe wenye kina cha kutosha, barabara na umeme ni mchache sana, isikodishwe yote kwa mtu mmoja kwa miaka mingi. Nimeona kiwanja chenye uzio mpya na nyasi ndefu ndani, kimekodiwa na aliyemo sokoni, na hakijengwi. Kiwanja cha namna hiyo kisipotumika kwa miaka miwili, halmashauri ikichukue na kumpa mwingine, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza ili asiwepo wa kusema ameonewa.

Kwa upande wa pamba, nawaomba wahusika wa kanda wakae na vyama vya msingi na wanunuzi kabla ya msimu wa kupanda, wakubaliane daftari moja la madeni ya pembejeo linalosomwa na kila mnunuzi kwenye mizani, ili anayekuja na bei nzuri aje, ainunue pamba, na amlipe kwanza aliyekopesha mbegu. Nimeshika daftari la namna hiyo kwa miaka, najua linavyoandikwa, na niko tayari kuja kulieleza popote nitakapoitwa, bila posho.

Sisi tuliobaki ni watatu. Nakala ya fomu yetu ya zamani ninayo, pamoja na hesabu za bei tatu nilizozitaja, na yule fundi wa majokofu ameshapata mashine nyingine iliyotumika ambayo bei yake ni nafuu kuliko ya kwanza. Mkinijibu kwamba ombi jipya litapata majibu ndani ya siku zinazojulikana na kwamba yaliyomo hayatasomwa mwaloni kabla ya kusomwa ofisini, tutalileta Jumatatu inayofuata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa barafu,
Ilemela, Mwanza.